Kumwita dubu mweusi kwa filimbi msimu wa vuli: dakika ngapi, sauti gani, upepo ukae wapi?

Msakaji Mgeni

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi hii vizuri.

Nina leseni ya jimbo la Oregon, Marekani, na kibali cha dubu mweusi cha msimu wa vuli. Mimi na mwenzangu tunalenga wiki ya mwisho ya Septemba kwenye Blue Mountains, kaskazini mashariki mwa jimbo. Huko chambo na mbwa vilipigwa marufuku kwa kura ya wananchi ya 1994, kwa hiyo zimebaki njia mbili kubwa: kukaa juu na darubini ukikagua miteremko, au kumwita mnyama kwa mlio wa windo lenye dhiki. Tunataka kuchanganya zote mbili.

Mpango ulivyo kwa sasa: filimbi ya mdomo yenye mlio wa sungura, dakika 15 kila kituo, tunapuliza dakika moja na kunyamaza dakika tatu kama inavyofanywa kwa koyote (mbwa wa porini wa Amerika), kisha tunahamia bonde linalofuata. Tutakaa pamoja chini ya mti mmoja, migongo kwenye shina. Bunduki ni .30-06 yenye darubini ya 3-9, yaani inayokuza mara 3 hadi 9.

Naomba kujua: dakika 15 zinatosha? Sungura ndiyo sauti sahihi, au nitumie mlio wa mtoto wa dubu kama wengi wanavyosema? Upepo wa milimani unaogeuka kila saa mnaufanyaje? Na spika ya betri ina faida gani juu ya filimbi?

---

Mzee wa Darubini

Mkuu, huo mpango ni wa koyote. Koyote ukinyamaza huendelea kuja, kwa sababu ameshapima mahali sauti ilipotoka. Dubu hayuko hivyo. Sauti ikikatika, hamu yake nayo inakatika: anasimama, ananusa, anakuta kichaka chenye matunda mbele yake, safari imekwisha. Unaweza kumwona kwenye mteremko wa pili akija kwa mwendo wa haraka, ukapumzika nusu dakika tu, akaketi. Ukianza tena anainuka. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni kutonyamaza. Lia sekunde tano hadi nane, vuta pumzi sekunde mbili au tatu, lia tena, na uendelee hivyo mpaka kituo kiishe. Inachosha, na anayepuliza kwa nguvu mno hupatwa na kizunguzungu, kwa hiyo badilishaneni kazi kila kituo: huyu akipuliza hapa, kituo kinachofuata anashika bunduki.

Dakika 15 hazitoshi. Kima cha chini ni 45, na saa nzima ni bora. Piga hesabu: dubu aliye umbali wa kilomita moja, akienda mwendo wa mtu anayetembea, anahitaji dakika kumi na mbili kwenye ardhi tambarare. Ongeza korongo, magogo yaliyoanguka, na kusimama kila anapokuta cha kula. Nusu saa hiyo imekwenda, na wewe kwa mpango wako ulishakunja vitu ukaondoka, naye akafika kwenye nafasi tupu. Afadhali vituo vitatu vya saa moja kwa siku kuliko kumi vya robo saa.

Sasa mahali, maana hapa ndipo vuli inapotofautiana na majira ya kuchipua. Kuanzia Agosti mpaka anapoingia pangoni, dubu anakula mchana na usiku. Anaweza kutumia saa 20 kwa siku akila, na kumeza hadi kalori 20,000. Mnyama wa namna hiyo haachi shamba la matunda akavuka milima miwili kwa sababu amesikia sungura. Atakuja kama mlio uko karibu na njia yake na haumgharimu sana. Ndiyo maana kuita hovyo katikati ya msitu mkubwa huleta kunguru tu. Tafuta kwanza anakula nini wiki hiyo, kisha jiweke mita 200 hadi 400 kutoka hapo, upande wa upepo ulio salama.

Kwenye milima hiyo hakolberi (tunda dogo pori la zambarau) huiva kuanzia chini kwenda juu kadiri majira yanavyosonga. Mwishoni mwa Septemba za chini zimeshakauka. Zilizobaki ziko juu, hasa kwenye miteremko inayotazama kaskazini ambako jua halikaushi upesi. Zikiisha hizo, dubu hushuka kwenye mikondo ya vijito kutafuta matunda mengine ya porini: hothoni, cheri pori na elderberi. Halafu kuna jambo ambalo watu husahau: Septemba ni msimu wa wawindaji wa elki (kulungu mkubwa wa Amerika) kwa upinde, na kila elki aliyeangushwa ameacha rundo la matumbo porini. Kunguru wakizunguka sehemu moja asubuhi mbili mfululizo, kaikague kwa darubini.

Kinyesi kitakuambia mengi. Cha hakolberi ni cha zambarau iliyoiva, chenye majani na mbegu ndogo, hakina harufu mbaya sana. Cha hothoni kina mbegu kubwa ngumu na rangi ya kahawia nyekundu. Kikiwa na unyevu ndani na inzi bado wanatua, ni cha leo au jana. Kikiwa na ukoko wa kijivu, endelea na safari. Tazama pia magogo yaliyopasuliwa: mbao za ndani zikiwa bado na rangi angavu, kazi ni mpya. Viota vya nyigu vilivyofukuliwa ardhini navyo ni dalili nzuri ya Septemba. Maganda ya miti yaliyochunwa usiyahangaikie. Mara nyingi hiyo ni kazi ya majira ya kuchipua.

Upepo. Ukikosea hapa, hayo mengine yote hayana maana. Milimani siku ya utulivu hewa ina ratiba: usiku na alfajiri hushuka kufuata mabonde kwa sababu ni baridi na nzito, jua likishapasha mteremko hupanda, jua likiacha mteremko jioni hushuka tena. Kwa hiyo asubuhi mapema na jioni ukae chini ya mahali unapomtarajia au ubavuni mwake, na mchana ukae juu. Shida ni ile saa ya mpito, asubuhi jua linapogusa mteremko na jioni linapouacha. Hewa hapo inazunguka bila mwelekeo. Usiite wakati huo. Kaa, tumia darubini, subiri itulie upande mmoja. Beba chupa ndogo ya unga laini wa kunyunyiza hewani na uutumie kila dakika chache, maana shavu halihisi mkondo mdogo unaotosha kabisa kwa pua ya dubu.

Na msikae mti mmoja. Mwenye bunduki atangulie, anayepuliza akae nyuma yake mita 20 hadi 30. Dubu anakazia macho na masikio pale sauti inapotoka, kwa hiyo humpitia mpiga risasi bila kumshughulikia. Mpiga risasi asogee kidogo upande ule harufu inakoelekea, kwa sababu dubu mjanja haingii moja kwa moja. Huzunguka ili anuse kwanza, na akizunguka anapita mbele ya bunduki kabla hajaikuta harufu ya anayepuliza. Kabla ya mlio wa kwanza mkubaliane kwa kidole: bunduki inaishia mti ule kushoto na jiwe lile kulia, haigeuki nyuma kwa sababu yoyote.

Chagua pahali unapoona mita 50 hadi 100 mbele, lakini penye vichaka vya kumwezesha dubu kukaribia akiwa amefichika. Uwanja wazi wa mita 300 unavutia kwa macho ila dubu huishia ukingoni, anasimama kwenye kivuli na kuangalia. Kichaka cha mita kumi nacho ni hatari. Atakuwa magotini kwako kabla hujashusha filimbi.

---

Ulimi wa Filimbi

Mzee amemaliza upande wa pori, mimi niongeze upande wa chombo.

Kuna filimbi za aina mbili. Zile zenye ulimi uliofungwa ndani, unapuliza tu na sauti inatoka moja, rahisi kwa anayeanza. Na zile zenye ulimi wazi, kipande chembamba cha plastiki juu ya ubao uliopinda, ambacho unakibana kwa mdomo. Kwa dubu chukua ya ulimi wazi, ujifunze wiki kadhaa kabla ya msimu. Ukibana karibu na ncha, sehemu inayotetemeka ni fupi, sauti inakuwa nyembamba: sungura, panya, ndege. Ukiingiza ulimi ndani zaidi na kubana nyuma, sauti inakuwa nzito: mtoto wa kulungu, ndama wa elki. Filimbi moja inakupa wanyama kadhaa.

Kuhusu sungura: si kosa, ila mwishoni mwa Septemba mimi ningeanza na mtoto wa kulungu au ndama wa elki. Sauti hizo zina mwili, zinasafiri mbali kwenye miti, na kwa dubu zinamaanisha nyama nyingi. Kumbuka kulungu waliozaliwa Juni sasa wamekua, kwa hiyo usilie kile kilio chembamba cha wiki ya kwanza ya maisha. Shusha sauti, iwe na kukwaruza. Mlio ufuate mwili unaokamatwa: unaanza juu, unashuka, unakatika kwa mkoromo, unaanza tena bila mpangilio. Wengi hupiga mlio uleule kwa mapigo sawa kama kengele ya saa. Mnyama anayeumia hana mapigo.

Dakika mbili za kwanza puliza kwa sauti ndogo, viganja vikiwa vimefunika mdomo wa filimbi. Huenda dubu amelala mita 80 kutoka hapo, na ukimpigia kwa nguvu zote atakimbia. Baada ya hapo fungua viganja na uongeze nguvu. Ukimwona anakuja, usinyamaze kwa msisimko. Hilo ndilo kosa linalookoa dubu wengi kuliko upepo. Punguza sauti, iwe ya kukata roho, lakini iendelee mpaka mwenzako apige. Akisimama na kugeuza kichwa, ongeza tena mara moja kwa kilio kikali.

Yanayoharibika: mate yakijaa chini ya ulimi, unanata na filimbi inabaki kupumua tu. Ivute hewa kinyume, au igonge kiganjani, itafunguka. Asubuhi ya barafu mate hayo hayo huganda. Filimbi ya ulimi wa chuma ndiyo ya kwanza kugoma. Weka moja mdomoni na ya pili ndani ya shati, karibu na ngozi, na uzibadilishe kila robo saa. Ukibana kwa meno kwa nguvu mno ulimi unajikunja na hautarudi kuwa kama ulivyokuwa, kwa hiyo beba wa akiba na uweke alama ya kalamu ubaoni pale ulipokaa mwanzo. Ukisogea hata milimita mbili, sauti hubadilika.

Spika ya betri faida yake ni mbili tu, lakini ni kubwa: haichoki, na unaiweka mbali na mwili wako. Iweke mita 30 hadi 50 ubavuni, dubu aelekee huko, wewe umtazame ubavu. Hasara ni betri wakati wa baridi na sheria. Majimbo hayafanani kabisa juu ya spika kwa dubu, mengine yanaruhusu, mengine yanakataza, na kanuni hubadilika, kwa hiyo fungua kijitabu cha kanuni za uwindaji cha mwaka huu cha jimbo unaloingia, sehemu ya dubu, kabla hujanunua. Filimbi ya mdomo itakutosha.

---

Kaa Kimya

Nitapingana kidogo na wakubwa. Saa nzima ya kupuliza mahali ambapo hujaona dubu wala kinyesi kipya ni kuutangazia mlima mzima kwamba upo. Vuli ni majira ya macho. Anza na darubini ya 10x42 juu ya kijiti cha miguu mitatu, kaa ng'ambo ya mteremko wenye matunda, saa mbili za kwanza na saa tatu za mwisho za mwanga. Dubu wa vuli yuko wazi, anakula, ni doa jeusi kwenye kichaka chekundu. Unaweza kumwona kutoka kilomita mbili. Ukishampata ndipo filimbi inapata kazi yake: unamsogelea kwa upepo mzuri mpaka mita 250 au 300, kwa kuwa kuingia ndani ya vichaka vyake ni kelele tupu, kisha unamwita atoke yeye.

Kuita mahali pasipo na dalili nakuachia saa za mchana tu, pale ambapo darubini haina kazi kwa sababu wamelala kwenye kivuli. Hapo tafuta miti minene juu ya kijito, karibu na matunda, ndiko wanakolala.

Jambo la pili: si dubu peke yake anayesikia. Huko Blue Mountains kuna puma (paka mkubwa wa porini), koyote na mbwa mwitu. Puma haji kama dubu. Dubu utamsikia mara nyingine akivunja matawi. Puma unamkuta ameketi mita 15 nyuma yako na hujui amefika lini. Kwa hiyo mgongo uwe kwenye shina pana au jiwe, na anayepuliza awe anageuza macho polepole, si kichwa chote. Koyote akija, mwache apite, endelea. Kulungu jike akija akikanyaga chini kwa hasira, huyo ni msaada, kelele zake zinakamilisha mchezo.

Na mnyama mwingine anayekuja kwa mlio ni mwindaji mwenzako. Mlio mzuri unamdanganya na yeye. Funga kitambaa cha rangi ya machungwa angavu kwenye shina juu ya kichwa cha anayepuliza, kionekane kutoka nyuma na ubavuni. Dubu hakimsumbui kama umekaa kimya.

---

Mzee wa Darubini

Kaa Kimya, sina ugomvi na darubini. Ila umesema "ambapo hujaona dubu wala kinyesi kipya", na mimi nilisema tafuta chakula kwanza. Tumekubaliana, tofauti ni kwamba upande wa magharibi wa milima ya Cascade, ambako miti imefunga mpaka huoni mita 40, hiyo darubini ya 10x42 utakuwa umebeba uzito tu. Huko kuita ndiyo darubini yenyewe. Kwenye Blue Mountains, ambako kuna miteremko ya nyasi na vichaka, njia yako ni sahihi zaidi na Mgeni aifuate.

---

Msakaji Mgeni

Shukrani sana wakuu, mpango nimeubadilisha wote. Mmeacha swali moja la mlio wa mtoto wa dubu. Na lingine: akishafika mita 30 anatazama kwetu, nipige wapi? Kuna wa kunieleza na yanayofuata baada ya risasi?

---

Bonde la Chini

Mlio wa mtoto wa dubu uache. Unafanya kazi, sikatai, lakini angalia unamwita nani. Anayekuja kwa kasi zaidi ni dubu jike mwenye watoto, na anakuja kupigana, si kula. Oregon hairuhusu kumpiga jike aliye na watoto wa chini ya mwaka mmoja, wala watoto wenyewe, kwa hiyo utakuwa umejiletea mnyama mwenye hasira ambaye huruhusiwi kumgusa, mita kumi mbele yako. Madume nayo huja kwa mlio huo kwa sababu hula watoto, ila huwezi kuchagua nani asikie.

Na hata kwa mlio wa kulungu, usipige dubu wa kwanza unayemwona. Watoto mara nyingi hubaki nyuma hatua kadhaa au wanapanda mti. Mpe dakika, tazama nyuma yake, tazama matawi. Ukubwa usome masikioni: masikio yakionekana makubwa, marefu, yamekaribiana juu ya kichwa, huyo ni kijana. Yakionekana madogo, yako mbalimbali pembeni mwa kichwa kipana, na tumbo linakaribia nyasi, huyo ni mkubwa. Ukichelewa mpaka mwishoni mwa Oktoba una nafasi nzuri zaidi ya dume, kwa sababu majike wenye mimba ndio wanaotangulia pangoni na madume makubwa hufuata mwisho.

Risasi. Teremsha darubini ya bunduki mpaka 3 kabla ya mlio wa kwanza na usiiguse tena. Kwa 9, dubu wa mita 30 ni ukuta wa manyoya meusi, hujui bega liko wapi. Dubu anayekutazama uso kwa uso, usimpige kama si wa kukuvamia: kichwa kinafunika kifua, fuvu limelala mteremko, na nafasi ya mapafu ni nyembamba. Anayepuliza aendelee kwa sauti ndogo. Dubu hatatulia hapo muda mrefu, atageuka ubavu ili azunguke anuse. Akigeuka, subiri mguu wa mbele wa upande wako usogee mbele, kisha piga nyuma tu ya bega, katikati ya kimo cha mwili. Waliozoea kulungu hupiga theluthi ya chini. Kwa dubu wa vuli manyoya marefu na mafuta huning'inia chini ya kifua, ukilenga chini hivyo utapitisha risasi kwenye nywele.

Akibaki amesimama, piga tena papo hapo. Usihurumie ngozi. Akikimbia, kariri mti wa mwisho ulipomwona na usikilize; kaa nusu saa bila kusogea. Damu usiitegemee. Mafuta huziba tundu na manyoya hufyonza kilichobaki, kwa hiyo unaweza kutembea mita 50 bila tone, na dubu amekufa mita 60. Fuata majani yaliyopinduliwa, ukoka uliochanwa, damu iliyopakwa kwenye matawi kwa kimo cha goti badala ya chini. Mmoja anafuata alama, wa pili anatazama mbele tu, bunduki tayari. Mkaribie kutoka juu na nyuma, gusa jicho kwa fimbo ndefu. Ndiyo maana risasi ya dakika za mwisho za mwanga si nzuri hata kama sheria inakupa mpaka nusu saa baada ya jua kuzama: utakuwa unafuata dubu aliyejeruhiwa kwenye vichaka gizani.

Nyama huharibika upesi kuliko ya kulungu, kwa sababu tabaka la mafuta na ngozi hushikilia joto. Septemba mchana bado kuna joto, kwa hiyo mchune ndani ya saa moja au mbili, toa mapaja na mabega kwenye mifupa, weka kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, ning'iniza kivulini. Jikoni pima kwa kipimajoto: ndani ya nyama ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Nyama ya dubu hubeba minyoo ya trikinela, na jamii inayopatikana kwa wanyama wa nchi za baridi haifi kwa kugandisha kwenye friza, hivyo miezi sita ya barafu haikupi ruhusa ya kula nyama yenye wekundu.

Fuvu lazima lifikishwe ofisi ya idara ya wanyamapori ya Oregon ndani ya siku 10, likiwa halijaganda, maana wanang'oa jino ili kujua umri. Mara tu mnyama anapokufa, bana kijiti mdomoni mwake taya zibaki wazi. Zikikakamaa zimefumba, kazi ya kung'oa jino inakuwa ngumu. Wengi hulitupa fuvu kwenye friza na ngozi, kisha wanalazimika kuliyeyusha usiku wa siku ya tisa.

---

Ulimi wa Filimbi

Niongezee kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Montana, Wyoming au Idaho: huko mlio huohuo unamwita na grizli, yaani dubu mkubwa wa kahawia, na grizli katika majimbo 48 ya chini (Marekani bila Alaska na Hawaii) analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Oregon hayuko, kwa hiyo Mgeni hilo halimhusu. Rangi isikudanganye, dubu mweusi anaweza kuwa kahawia, mdalasini au hata manjano. Tazama nundu juu ya mabega, uso uliobonyea kati ya macho na pua, masikio mafupi ya mviringo, na kucha ndefu za mbele zinazoonekana kwa mbali. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka, kucha ni fupi zilizopinda. Montana haikuuzii leseni ya dubu mweusi mpaka ufaulu mtihani wa kuwatofautisha. Dawa ya pilipili ikae kifuani kwa anayepuliza, siyo ndani ya begi, kwa kuwa yeye ndiye dubu anayemfuata na mikono yake ina filimbi.

---

Msakaji Mgeni

Nimeelewa. Swali la mwisho dogo: kituo kikiisha bila kitu, napumzisha eneo lile muda gani kabla ya kurudi?

---

Kaa Kimya

Inategemea uliondokaje. Kama upepo haukugeuka, ulikaa kimya na uliondoka kwa njia uliyoingilia, unaweza kurudi kesho yake jioni na sauti tofauti: kama leo ilikuwa ndama wa elki, kesho iwe sungura. Kama unga ulionyesha hewa imeingia kwenye vichaka vyao, acha siku tatu au nne. Na mlio ukiisha usisimame mara moja. Kaa dakika kumi zaidi bila kupuliza, macho yakiwa upande wa chini ya upepo, kwa sababu yule aliyekuwa anazunguka bado yuko njiani.